Wimbo wa Uso wa Kumi na Nne

Somo la hesabu za vigeu vingi lilifundishwa saa nane mchana, wanafunzi wote wakiwa wamelala. Walijilaza kwenye mikeka, viatu vimeachwa mlangoni, kila mmoja amefunika macho kwa kitambaa chenye maji. Mtu wa nje angedhani ni wodi, au ni watu waliozidiwa na pilau la harusi. Kumbe ndiyo kozi iliyokuwa ikitoa roho za watu pale chuoni.

"Kuna anayepajua?" Daktari Tulinagwe Mwakalobo aliuliza, kama alivyouliza kila siku kabla ya kuwasha mtambo wa usingizi.

Darasa likacheka, kama lilivyocheka kila siku. Swali lenyewe lilikuwa la sheria. Anayeutambua uso anaopewa kuutembea lazima ainuke mkekani atoke, lakini tangu kozi ianze hakuna aliyewahi kuinuka. Nyuso zilikuwa hesabu tu, nani angeitambua hesabu?

Kisha mtambo ukanguruma polepole, na wanafunzi thelathini na wawili wakateremka pamoja kwenye usingizi mmoja.

Navoneiwa Mgonja, ambaye wenzake walimwita Navo, aliupenda sana mteremko huo wa kwanza. Ulianza kwenye nyayo. Mkeka ulipotea, ukumbi ukapotea, na chini ya miguu yake mitupu pakaja ardhi isiyo na rangi, laini, yenye uvuguvugu wa maziwa. Kwenda mashariki kilikuwa kigeu cha kwanza, kwenda kaskazini kilikuwa cha pili, na kimo cha ardhi pale uliposimama ndicho kilikuwa jibu. Huoni kitu, maana ukungu umetanda kila upande. Unahisi tu, kisigino kikiwa chini kuliko vidole au vidole vikiwa chini kuliko kisigino, na kwa hilo unajua mlima unakuita wapi.

Wenzake waliotoka tambarare walihangaika mwezi mzima kabla miguu yao haijaelewa. Navo alikuwa amezaliwa Upareni, kijiji cha Ikongwe, ambako hata uwanja wa mpira una kupanda na kushuka. Yeye alielewa siku ya kwanza. Ndipo ulipozaliwa ule mtindo wao.

Kila chuo kina madesa yake, majibu yanayopita mkono kwa mkono. Lakini utampaje mtu desa ndotoni, ambako hakuna karatasi? Navo alitangulia, akapima kwa miguu, kisha akaimba njia. Mtambo ulirekodi hatua, haukurekodi sauti. Kwa uso wa kumi na nne, mwezi wa pili, aliwaimbia hivi:

*Hatua mia na mbili,*
*geuka palipo pole,*
*uzio usiuvuke,*
*panapovuta ulale.*

Wakaufuata wimbo wote, wakalala mahali pamoja, wakaamka wamefaulu. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Matrida Haule, mwenzake wa chumba kimoja, msichana wa Songea mwenye cheko la kuvunja vyombo, aliyekuwa anarudia mwaka. Akifeli tena, anadisko, anarudi nyumbani moja kwa moja. Mama yake alikuwa ameshaanza kumwita injinia mbele za watu kanisani.

*

Simu ya baba ilikuja mwezi wa nane, asubuhi, Navo akiwa anafua.

Mzee Eliamani Mgonja alikuwa mfunguaji wa ndiva ya Ikongwe. Ndiva ni bwawa la wote, lililojengwa na mababu kwa mawe na udongo. Usiku linajaa, asubuhi mfunguaji anazibua, na maji yanakwenda kwenye shamba la mwenye zamu. Kazi hiyo haina cheo wala sare, lakini mzee aliifanya kama mwadhini anavyoadhini.

"Za huko, mwanangu?"

"Nzuri, baba. Shikamoo. Ndiva inasemaje?"

"Marahaba. Haijajaa tangu mwezi wa pili. Ule ukungu umehama. Tunauona unapita kule ng'ambo, mweupe, mzuri, huku kwetu haushuki."

"Sasa asubuhi unafanya nini?"

"Nafungua."

"Unafungua nini, baba, na maji hakuna?"

"Nafungua tu. Nikiacha, watu watajua nimekata tamaa. Mama yako ananicheka, lakini naye anakuja kushika jembe."

Navo alicheka kumridhisha, akakata simu, akabaki ameshika shati lenye povu. Mwezi wa pili. Alijaribu kuliondoa neno hilo kichwani, nalo likagoma kuondoka.

Hakuna mtu nchini asiyejua habari za tiara. Zilirushwa juu ya milima yote yenye kiu, kubwa kama paa za shule, zimefungwa kwa kamba ndefu, na kwa kuinama kwake ziliusukuma ukungu ushukie hapa au pale. Zamani mashine ndizo zilizoamua ushukie wapi, mpaka ulipofika mwaka ambao wilaya nzima ilikauka kwa kosa ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Ikatungwa sheria kwamba maji ya watu yasipangwe na mashine peke yake. Kila jibu litembelewe na watu wenye miguu, na wapatikane saba, kila mmoja kivyake, watakaofika mahali pale pale. Vyuo ndivyo vilikuwa na watu wa kutosha wanaoijua hesabu. Kwa hiyo kati ya nyuso walizopewa kila wiki mmoja ulikuwa hai, wa milima ya kweli, na hakuna mwanafunzi aliyeambiwa ni upi.

Walilijua hilo wote. Walilijua kama mtu anavyojua kwamba siku moja atakufa, halafu anakwenda kula.

*

Kabla ya mtihani wa mwisho waliruhusiwa mchana mmoja kurudia nyuso za zamani. Navo alichagua uso wa kumi na nne, akalala peke yake mwisho wa ukumbi.

Ardhi ikaja. Safari hii hakukimbilia kilele. Aliacha miguu izurure. Ikampeleka juu ya kilima kikubwa, ikamteremsha, ikampandisha kidogo, ikamteremsha, halafu ikampandisha tena pakubwa. Kikubwa, kidogo, kikubwa. Akasimama. Alirudi mwanzo akavitembea tena, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka ndani ya usingizi.

Uso haukuwa mlima wenyewe. Kimo chake kilikuwa idadi ya watu ambao wangepata maji kama ukungu ungeshushwa pale. Lakini watu hujenga kwa kufuata mlima, na vile vitongoji vitatu alivijua kwa mpangilio wake, maana alivipita kila asubuhi akienda shule. Kile kidogo cha katikati kilikuwa kwa shangazi yake.

Akautafuta uzio. Kwenye hesabu ya aina hii huendi popote unapotaka. Kuna mstari, ndio mwisho wa kamba za tiara, na lazima utembee juu yake tu. Ukiwa hujafika, mlima unakuvuta mbele au nyuma kwenye mstari. Ukifika, unakuvuta ubavuni tu, uvuke uzio, na kwa mbele na nyuma hauna neno la kukuambia. Hapo ndipo pa kulala. Lakini Daktari Mwakalobo aliwaimbia mpaka wakamchoka kwamba mahali pa namna hiyo panaweza kuwa pawili au zaidi, na kwamba mwenye akili anauzunguka uzio wote kwanza, ndipo analala.

Navo akafika pale pa wimbo wake. Pakamvuta ubavuni, kweli kabisa. Akakumbuka mchana ule wa mwezi wa pili. Alikuwa ameshindilia ugali na maharage, amechoka, anatamani usingizi wa kweli usio na hesabu ndani yake. Alifika hapa, akahisi mvuto, akasema moyoni panatosha. Hakuzunguka. Watu thelathini na mmoja wakalala nyuma yake. Sheria ikahesabu vichwa, ikaona saba wameshapita mara nne, ikaridhika. Kumbe kichwa kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimeshiba maharage.

Akaendelea. Uzio ukashuka, ukashuka sana, mpaka mtu mwenye haraka angegeuka. Kisha ukapinda nyuma ya ukungu mzito na kuanza kupanda. Ukapanda mpaka pumzi zikamwisha. Na huko juu, karibu kabisa na vitongoji vitatu, mlima ukamvuta ubavuni tena.

Palikuwa juu zaidi. Au yeye ndiye aliyetaka pawe juu zaidi? Akajaribu kupima kwa kisigino, na kisigino kikakubali haraka mno. Alirudi pale pa kwanza, akaja tena, mara tatu, na kila mara mguu ukamwambia kile ambacho moyo ulikuwa umeshamwambia njiani. Kwa mara ya kwanza maishani Navo hakuiamini miguu yake, na jambo hilo lilimtisha kuliko ndiva kavu.

*

"Sasa tatizo liko wapi?" Matrida aliuliza. Walikuwa wanamenya viazi chumbani, sufuria katikati yao. "Uso ule unarudi Jumatatu kwenye mtihani, kuhakikiwa. Tunga wimbo mpya. Tutalala pale pazuri, tiara zitageuka, baba yako atapata maji, na sisi tutafaulu. Hata Mungu hatauliza."

"Na kama nimekosea tena?"

"Hujakosea. Wewe hukosei."

"Mwezi wa pili nilikosea, Matrida. Mkanifuata wote kama kuku."

"Usitutukane."

"Sikutukani. Sikiliza. Ng'ambo kule pia kuna watu, sasa hivi wanakunywa ukungu huo. Nikiwaimbia nyinyi, ni mimi peke yangu nitakayekuwa nimewanyang'anya, mtoto wa mfunguaji wa ndiva. Nitajuaje kama ni hesabu au ni kwetu? Ndiyo maana walitaka watu saba."

Matrida akaweka kisu chini. Hakuwa anacheka tena, na uso wake bila cheko ulikuwa wa mtu mwingine, mwenye umri mkubwa zaidi. "Kwa hiyo?"

"Siimbi. Na nitasema napajua."

"Wasipofika saba jibu la zamani linabaki. Na wakifika saba kwenye lile la zamani, linafungwa miaka mitatu. Miaka mitatu, Navo. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na mimi je?" Sauti ya Matrida ikakatika. "Mimi sijawahi kutembea mwenyewe. Hata uso mmoja. Unaniacha katikati ya ukungu, halafu unajiita rafiki."

Navo akavua ndala, akamshika Matrida mkono, akamtoa nje hadi kwenye tuta la nyuma ya bweni, pale wanapomwaga maji machafu. "Vua viatu. Funga macho. Sikupi njia, nakupa miguu. Sasa niambie, wapi panakuvuta?"

Walizunguka tuta lile mpaka viazi vikawa vyeusi ndani ya sufuria. Wapita njia waliwaona wasichana wawili wakinyata peku juu ya matope, macho yamefumbwa, wakasema mitihani imeanza kuwala watu.

"Ukifika panapokuvuta ubavuni?" Navo aliuliza kwa mara ya ishirini.

"Silali."

"Unafanya nini?"

"Nazunguka kwanza," alisema Matrida, bado amenuna.

*

Jumatatu, saa nane, mikeka ilikuwa imetandikwa.

"Kuna anayepajua?"

Darasa likaanza kucheka, kisha likaacha, maana mtu alikuwa amesimama.

"Mimi napajua, Daktari."

Daktari Mwakalobo alivua miwani. Katika miaka yote ya kuuliza hakuwa amejiandaa kujibiwa. "Tangu lini?"

"Tangu juzi. Na nina jambo lingine la mwezi wa pili. Naomba niliseme wakiamka."

Mnong'ono ulipita kwenye mikeka, na mtu mmoja akasema wazi, "Ametumaliza." Mwalimu alimtazama Navo, halafu akawatazama wale thelathini na mmoja, mmoja mmoja, na ilionekana alikuwa anapiga hesabu fulani ambayo hakuipenda. "Kaa," alisema mwishowe. "Hata usikohoe. Sauti ya humu ukumbini inawafikia ndani."

Mtambo ukanguruma. Wakashuka bila yeye.

Navo hakuwahi kuwaona wenzake wakiota. Ilikuwa kama kuangalia chini ya maji. Miguu sitini na miwili ilikuwa ikitikisika taratibu kwenye mikeka, vidole vikinyooka na kukunjika, visigino vikitafuta. Ukutani kulikuwa na mchoro wa uso, umelazwa kama ramani, na kila aliyelala kule ndani aliwaka pale kama kitone cha taa. Mchana ulikuwa mtulivu. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na Navo akahisi naye anaota, ila macho yakiwa wazi.

Vitone vya kwanza viliwaka mapema, viwili, pale pa wimbo wa zamani. Walikuwa bado wanaukumbuka. Cha tatu kikafuata, na cha nne. Wengine wakawaka ovyo, kwenye mabonde, pembeni kabisa, mmoja nje ya uzio. Kisha, mbali, nyuma ya kona, kikawaka kitone kimoja karibu na vitongoji vitatu. Navo akashika mdomo.

Hakuwa amemwambia mtu mahali pale. Hata Matrida hakumwambia.

Kikawaka cha pili hapo hapo. Cha tatu. Hapakuwa na wimbo, kila mmoja alikuwa amefika kwa miguu yake. Hesabu ilikuwa kweli! Mguu wake haukuwa umemdanganya, na furaha iliyompata ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisahau kuhesabu upande wa pili. Alipotazama tena, pa zamani walikuwa sita.

Na papya wakafika sita.

Kumi na wanane walikuwa wametawanyika. Mmoja tu ndiye alikuwa bado hajalala kule ndani. Navo hakuhitaji kuuliza. Matrida alikuwa mkeka wa tatu kutoka dirishani, kitambaa kimemteleza upande mmoja, midomo imekazwa, na miguu yake ilikuwa ikienda hatua fupifupi kama mtu anayevuka mto.

Navo akasogea akapiga magoti kichwani pake. Ukutani alama ndogo ya Matrida, isiyowaka bado, ilikuwa inakaribia pale pa zamani. Ikafika. Ikasimama.

Miguu ya Matrida ikatulia mkekani.

Ingetosha sauti moja. Si wimbo mzima, mguno tu, na Matrida angejua. Daktari Mwakalobo alikuwa amegeukia dirisha, amewapa mgongo, na Navo hakujua kama ni bahati au kama mwalimu alikuwa amefanya makusudi. Baba alikuwa anafungua bwawa tupu kila asubuhi. Miaka mitatu ni asubuhi zaidi ya elfu. Na sasa alikuwa na uhakika, watu sita wamempa uhakika, kosa lingekuwa nini? Kinywa kilikuwa karibu na sikio, pumzi imeshajaa kifuani.

Akachukua ncha ya kanga yake, akaiuma kwa nguvu zote.

Kidole gumba cha Matrida kikatikisika. Kikakandamiza mkeka, kikaachia, kikakandamiza tena, kama mtu anayeonja joto la maji. Halafu mguu wa kushoto ukatoka mbele. Kisigino kikashuka, kikashuka, na Matrida akaanza kulia usingizini, kwa sauti ndogo ya mtoto anayekwenda gizani, lakini hakugeuka. Alishuka mpaka mwisho wa bonde, akapinda kona, akaanza kupanda.

Ilichukua dakika kumi na moja. Hakuna aliyemharakisha.

Kitone cha saba kilipowaka nyuma ya kona, mchoro wote ukabadilika rangi, na mahali fulani mbali kutoka hapo, juu ya milima ambayo Navo aliijua kwa nyayo, kamba zikaanza kujivuta na tiara zikainama upande mwingine.

Mtambo ulipozimwa, Matrida alikaa kitako, akafuta uso. "Pale pa kwanza palinivuta," alisema, akitafuta pumzi. "Nikataka kulala, nikasema potelea mbali. Halafu nikakumbuka lile tuta letu linalonuka."

Navo hakuweza kucheka wala kulia. Alisimama mbele ya darasa, kanga ikiwa na alama za meno, akasema alichoahidi kusema. Kwamba jibu la mwezi wa pili lilikuwa la mtu mmoja, kwamba mtu huyo alikuwa yeye, na kwamba alikuwa akiimba tangu uso wa kwanza.

*

Wengine walipewa sapu, mtihani wa kurudia, nyuso zote upya, kila mmoja na ukumbi wake. Walionuna walinuna. Matrida alifaulu kwa alama za chini kabisa zinazokubalika, akazibandika ukutani kama cheti. Barua ya Navo ilikuwa na mistari minne, na Daktari Mwakalobo aliileta mwenyewe chumbani, akakaa kitandani, akaondoka akiwa amesahau miwani yake.

Navo alipiga simu nyumbani siku aliyofunga begi. Alikuwa amepanga maneno mazuri ya kuanzia. Baba alipopokea, nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio ambao Navo hakuwa ameusikia kwa nusu mwaka, mlio wa maji yanayotoka kwenye tundu la mawe kwa kishindo, na watu wanapiga kelele, na mama anamgombeza mtu aondoe ng'ombe mferejini.

"Unasikia?" Mzee alikuwa anapiga kelele kama kijana. "Mwanangu, unasikia?"

"Nasikia, baba." Maneno mazuri yote yakapotea. "Baba, nimefukuzwa chuo."

Maji yakaendelea kunguruma kwenye simu. Yaliendelea kwa muda mrefu, na Navo akasimama katikati ya chumba kitupu, peku, akiyasikiliza.

"Basi njoo," baba akasema. "Zamu yetu ni Alhamisi."